Siku Ndege Ilipokaa Kitako

Kuna watu mtaani kwetu Free Area mpaka leo wakiniona wananiita Kapteni Kitako, na sina la kujitetea, maana jina hilo nililitafuta kwa mikono yangu mwenyewe, tena mbele ya mama yangu na kina mama wa kanisa lake, kwa hivyo acheni niwaambie yote mnicheke mara moja tumalize.

Nilikuwa nimezoea ile ndege ndogo ya viti vinne niliyosomea urubani, unaingia tu kama unavyoingia gari la jirani, halafu nikapata kazi mahali penye ndege kubwa kidogo, viti tisa vya abiria, mlango nyuma karibu na mkia. Kapteni Barasa, mzee aliyekuwa akinizoesha ndege hiyo, aliniambia siku ya kwanza, ya pili na ya tatu: abiria wakipanda, weka chuma cha kuegemeza mkia, na wa kwanza wakae mbele, ndege isije ikalemewa nyuma. Siku ninayowaambia ilikuwa ya mwisho. Nikibeba abiria vizuri yeye akiwa kando yangu, ataweka sahihi kwenye kitabu changu nianze kuwabeba peke yangu.

Abiria wenyewe walikuwa mama na wenzake saba, waliotaka kuona ziwa na mlima Menengai kutoka juu (mama alikuwa ametangaza kanisani kwamba msichana wake ndiye dereva, dereva jameni!). Barasa akaingia ofisini kumalizia makaratasi, akaniachia kazi ya kuwapandisha. Kina mama wakataka picha kwanza. Mama Mchungaji akaangalia kile chuma, akasema, "Kapteni, hii kitu inaharibu picha, inakaa ni kama ndege iko gereji." Na kwa sababu nimeitwa Kapteni, nikakitoa, nikijiambia nitakirudisha baada ya picha.

Sikukirudisha. Walipoanza kupanda, Mama Mchungaji akachagua kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ya magoti, na mimi ni nani nimwambie mke wa mchungaji asogee mbele? Nilikuwa bado nimesimama hapo mlangoni kwa ndani aliposema, "Ngojeni, huyu mtoto hawezi kuturusha bila maombi." Na mnajua kina mama wetu hawakuombei wakiwa mbali. Wote wanane wakaja nyuma kuniwekea mikono, kichwani, mabegani, mgongoni, nami nikafumba macho (rubani, amefumba macho!), na walipofika kwa "mwinue, Bwana," pua ya ndege ikainuka.

Mkia uligonga chini, tukaporomokeana sote mlangoni, vitambaa vya kichwa huku, viatu kule, na Mama Mchungaji akiwa chini ya wote akiliita jina la Yesu, sasa kwa sauti nyingine kabisa.

Barasa alikuja mbio. "Nani ametoa hiyo chuma?"

Nikajibu haraka, Mungu anisamehe, "Ni hawa kina mama, Kapteni. Walikuwa wanataka picha."

Halafu mama yangu, akiwa bado amekaa chini anatafuta kiatu, akasema, "Ni ukweli, mzee. Ni mimi nilitoa. Usimnyime sahihi juu ya ujinga yangu."

Mama hakuwa amekigusa hata kwa kidole. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema, "Hapana, Kapteni, anadanganya. Nilitoa mimi."

Barasa akafunga kitabu changu alichokuja nacho, akakitia kwapani, akaondoka bila kuweka sahihi. Kina mama wakarudi mjini bila kuona hata mmoja wa wale heroe, ndege wa waridi wa ziwani, na mimi nikarudishwa mafunzoni, wiki nzima abiria wangu wakiwa magunia ya mchanga.

Jioni mama alinipakulia ugali kama kawaida, nami nikashindwa kumwangalia. Nikamwambia singizio la namna ile halitatoka tena kinywani mwangu, hata nifutwe kazi.

"Ungenyamaza leo," akasema, "sahihi ungepata. Lakini mimi singewahi kupanda ndege yako."