Makala ya Georgia Niliyoitafsiri Ukweni

Mpaka leo nikikumbuka nafunika uso, ila acheni niwaambie mwenyewe kabla shemeji zangu hawajawaambia na chumvi yao. Kazi yangu ni kutafsiri sinema kwenye banda la video pale Mirongo, za Kichina, za Kikorea, zote (lugha zenyewe sijui hata salamu, naangalia sura tu naendelea), na wateja wanatoka wameridhika. Sasa Jumapili moja mchumba wangu Koku akanipeleka kwao Kisesa nikaonwe na baba yake, daktari wa mifugo mstaafu, Mhaya mpole, ambaye neno lake ndilo lingeamua kama naoa au sioi.

Baada ya chakula mzee akachomeka flashi kwenye runinga, makala ya historia na mila za nchi inayoitwa Georgia, kwa lugha yao. Shangazi yake Koku akasema, "Si tumeambiwa wewe ni mtafsiri? Tutafsirie basi." Ningesema sijui, yangeisha. Lakini nilisikia mzee alisoma Urusi, na hii ni Georgia, nikaona niko salama (Koku alinikanyaga mguu, nikadhani ni mapenzi).

Kwenye runinga babu mmoja kasimama mezani na pembe mkononi anaongea, nikasema huyo ndiye adui wa steringi, shujaa wa picha, anagawa mashamba ya marehemu. Wanaume wanakanyaga kitu ndani ya gogo lililochongwa, nikasema wanafuta ushahidi. Ikaonekana mitungi mikubwa imefukiwa ardhini mpaka shingoni, nikapaza sauti kama niko bandani, "Humo ndimo alimozikwa kaka yake steringi!" Shangazi akashika kifua.

Mzee akasimamisha picha. "Kijana, nimesoma huko miaka sita. Enzi hizo Georgia ilikuwa ndani ya Usovieti, watu huku wakasema tu nimesoma Urusi. Huyo babu anawaombea wageni heri. Hao wanakanyaga zabibu, kama sisi Wahaya tunavyokanyaga ndizi za pombe yetu ya rubisi. Na mitungini ni divai."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. "Nisamehe, baba. Sijui hata neno moja."

Akanigeukia. "Na uliyoniambia kabla ya chakula, kwamba unampenda mwanangu, unayajua au nayo ulitafsiri?"

"Hayo nayajua, baba."

Akaguna, akabonyeza rimoti. "Haya, endelea. Shangazi anataka kujua kama steringi alilipiza kisasi."

Tulioana, kwa sharti moja la mzee kwamba bwana harusi asipewe maiki. Bandani natafsiri kama kawaida, ila ukweni hata taarifa ya habari ya Kiswahili nikiulizwa imesema nini, najibu, muulizeni baba.