Jina la Mama Ukutani

Juzi, ofisini Kilwa Masoko, karani aliniuliza jina kamili la mama yangu. Nikalitaja, kisha nikamwomba anisomee alivyoliandika, herufi kwa herufi. Akadhani simwamini. Si hivyo, ndugu yangu, ni woga wa tangu utotoni.

Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu, huko bara ya Lindi. Dada yangu alikuwa ameshatolewa shule baada ya kuchezwa unyago, akaozwa, na mwenyekiti wa kijiji akaja kula pilau ya harusi bila haya. Baada yake ilikuwa zamu yangu. Gauni la shule lilipoanza kuwa fupi nililivuta chini kila saa, watu wasione kwamba nakua.

Waliosema sasa basi, imetosha, ni akina mama wa kikundi cha kubangua korosho. Walikaa jikoni kwa jirani yetu, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, moshi unawatoa machozi, wakakubaliana mama yangu agombee uenyekiti. Siku hizo karatasi ya kura ilikuwa tupu, unaandika mwenyewe jina la unayemtaka. Wengi wao hawakuwahi kushika kalamu. Mama alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, basi jirani akaniita mimi.

"Mwanangu, msomi wetu ni wewe. Tuandikie hapa jina la mama'ko, mikono ilizoee."

Nikachukua mkaa nikaandika ukutani: MAMA SOMOE. Somoe ndiye mimi. Kijiji kizima kilimwita hivyo, na jina alilopewa na wazazi wake hata halikunijia. Wiki nzima wakaandika vumbini kwa vijiti, wakichekana kwa herufi zilizolala chali. Jirani alikuwa mwepesi wa kujifunza kuliko wote.

Siku ya kura, wakati wa kuhesabu, nilichungulia dirisha la darasa. Karani wa kura aliinua karatasi yenye herufi zile zile.

"Huyu hayumo kwenye orodha," akasema, akaiweka kando. Akainua nyingine, nayo vile vile. Orodhani mama alikuwa kwa jina lake halisi.

Nje yalitangazwa matokeo tu: mama kaambulia kura chache mno, hazifiki hata nusu ya kikundi.

"Wamenigeuka," mama alisema, akimtazama jirani, kwa kuwa ndiye aliyejiapiza sana. Jirani akaapa tena, machozi yakimtoka, na hakusadikiwa. Mimi nilisimama katikati yao. Niliogopa kipigo, na zaidi niliogopa mama ajue kwamba ni mimi. Nikafunga mdomo.

Kikundi kilivunjika. Mimi mama alinitorosha kwa shangazi, huku Masoko, nikasoma. Wenzangu wa darasa lile waliozwa mmoja mmoja, na jiko lile halikukaliwa tena na watu wa kuwasemea. Nakumbuka vicheko vya akina mama wale hadi roho inaniuma.

Mwaka jana jirani alifariki. Mama alikataa kwenda msibani. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, na bado niliogopa kumwambia.