Matawi Mabichi Njiani

Kosa langu la kwanza mlimani lilikuwa kusafisha njia.

Nilijifunza kupanda milima peke yangu, kwa kutazama video kwenye simu. Kwenye daftari niliandika dakika za kila kituo. Fimbo zangu mbili za kutembelea nilizipima kwa rula hadi zikalingana. Kiangazi kile nilimshawishi mdogo wangu wa kike tutoke nyumbani Makwale, tukapande mlima ulio juu ya Matema. Mama hakupenda. Nilimwahidi nitamrudisha mzima.

Tuliikuta njia pana iliyonyooka hadi juu, ardhi yake imesuguliwa ikang'aa. Sikujiuliza nani aliisugua. Mwanzoni mwake palikuwa pamelazwa matawi mabichi. Barabarani ningejua kuna gari limeharibika mbele. Huku hakupiti gari, nikaamua ni upepo, ingawa tangu asubuhi hata jani la mgomba halikuwa limetikisika. Nikayatupa pembeni, maana yaliharibu picha. Nilitaka nijirekodi nikipanda, nyuma yangu pasionekane mtu, kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu anifuate baada ya dakika ishirini. Nikampa hedifoni zangu asichoke kusubiri.

Nilipanda na wasiwasi nisiojua chanzo chake. Nyasi za kingoni zote zilikuwa zimelala kuelekea chini, kama zimechanwa kwa kitana.

Juu, wanaume wawili walikuwa wameegemea mzigo wa mianzi mirefu, mnene kuliko ng'ombe. Mkubwa wao alinicheka.

"Fimbo mbili na bado unahema. Babu yangu anayo moja tu." Kisha akaacha kucheka. "Umepitia wapi, mwanangu?"

"Hapo kwenye njia."

"Hukukuta matawi?"

"Niliyakuta. Nimeyatoa."

Akamtazama mwenzake. "Na nyuma yako kuna mtu?"

Hapo nikaelewa njia ile ilichongwa na nini: mizigo ya mianzi inayoteremshwa. Mzigo ulikuwa umeshafunguliwa kamba ya kuushikilia, nao walikuwa wakiuzuia kwa mabega tu.

"Kimbia," alisema. "Pita pembeni. Hatutaweza kuushika sana."

Niliteremka nikimwita mdogo wangu. Hakuitika. Nilimkuta katikati ya njia, ameinama anafunga kamba za kiatu.

"Umesahau nini tena?" aliuliza, akitoa hedifoni sikio moja.

Juu mtu akapiga ukelele mmoja. Nilimvuta mkono, tukaangukia nyasini. Mzigo ulipita na sauti ya mkeka mkavu unaoburutwa sakafuni, ukaondoka na kiatu chake.

Alishuka mlima mguu mmoja pekupeku. Tulipofika nyumbani, mama aliutazama ule mguu, akaenda kuchemsha maji ya kuuosha.

Siku hizi sitoi kitu njiani kabla ya kuwauliza wenyeji. Daftari la dakika nililiacha. Mdogo wangu hapandi tena mlima na mimi.