Shati Nililovaa Ndani ya Koti

Nakumbuka asubuhi moja pale Ihanja, pasi ya mkaa iliponiunguzia kola ya shati jeupe. Nilikuwa hakimu kijana wa mahakama ya mwanzo, nina mashati meupe mawili tu, na la pili lilikuwa kwenye ndoo ya sabuni. Mwanangu, uliponipigia simu juzi kutoka Nduguti ukauliza uvae nini ndani ya joho lako jipya la uhakimu, nilikujibu kwa kifupi kwamba uvae nyeupe. Nilikuwa nimechoka, na jibu lenyewe ni refu. Nimeona nikuandikie.

Zama zetu hakimu wa mwanzo hakuwa na joho. Tulivaa koti jeusi, shati jeupe na tai. Asubuhi ile upepo ulikuwa wa baridi, ukanipa wazo. Nilichukua shati la kitenge lililotundikwa mlangoni, nikavaa juu yake sweta jeusi la zipu, nikaifunga hadi kidevuni, kisha koti. Nani angejua?

Shati lile lilikuwa sare ya harusi. Jirani yangu Athumani alikuwa amemwoza binti yake Jumamosi, akatugawia ndugu na majirani kitambaa cha aina moja. Nilikula pilau yake, nikamshukuru. Nilijua kwamba Jumanne nitasikiliza mirathi ya marehemu kaka yake. Mjane, Mama Salima, aliomba awe msimamizi wa mirathi, na Athumani alimpinga. Nilijiambia pilau ni pilau, kazi ni kazi. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimesoma karatasi zote, na mjane ndiye niliyemwona ana haki.

Kufika saa sita bati lilikuwa linachoma. Mama Salima alikuwa amesimama akieleza nyumba waliyoijenga na mumewe, na ng'ombe waliowalea tangu wakiwa ndama wawili. Jasho likanishuka, nikashusha zipu bila kufikiri. Akanyamaza katikati ya maneno.

"Endelea, mama," nikamwambia.

"Mheshimiwa, hilo shati nalijua."

"Shati gani?"

"Walivaa wote Jumamosi. Mimi mke wa marehemu sikupewa hata kipande cha kujifunga kichwani."

Kijana mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Sasa mama, ulitaka hakimu akae kifua wazi?" Watu wakacheka. Athumani naye akacheka. Nikapandisha zipu, nikagonga meza, nikasema mahakama haiamui kwa shati.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu kwa upole. "Lakini nimeshaona. Naomba nifute ombi langu."

Nikaandika kwamba ombi limefutwa. Nilitaka aondoke mbele yangu upesi. Hilo ndilo kosa, mwanangu, kubwa kuliko shati.

Mzee Jumbe, mmoja wa wazee wa baraza wanaoketi na hakimu, alinifuata ofisini. Tulikuwa tukisali msikiti mmoja.

"Hakimu, ukienda kusali, unatazama usafi wa kanzu ya juu tu?"

"Hapana, mzee. Hata nguo ya ndani kabisa."

"Basi ulijua. Ungesema tu, 'Mama, umesema kweli, najitoa, faili liende kwa mwenzangu.' Ukaona heri aibu imwangukie yeye."

Baadaye Athumani aliomba usimamizi, hakuna aliyempinga, na mkono uliosaini ni huu huu ninaokuandikia. Ng'ombe wakauzwa, nyumba ikauzwa. Mama Salima alihamia Itigi kwa kaka yake, pamoja na watoto wake watatu. Nilimtuma mtu amwambie aje aombe upya mbele ya hakimu mwingine. Jibu likarudi: "Mwambieni nimemsamehe, ila nimechoka." Wakati ule sikulielewa. Sasa nalielewa.

Alhamdulillah, Mungu hakuninyang'anya kazi. Nilikataa sare nyingi baada ya hapo, na waliosema nina roho mbaya walikuwa wengi. Hata shangazi yako hakunisalimu mwaka mzima.

Basi sikiliza, mwanangu. Joho lako litafunika kuliko koti langu lilivyofunika, na kwa sababu hiyo naliogopa. Ndani yake vaa blauzi nyeupe, na nyingine iwe kabatini ofisini. Usipokee kitambaa cha mtu hata akiwa jirani mwema. Kama umeshakula kwake, sema kabla hujaketi. Na ikitokea mnyonge amekiona ulichokificha, usipandishe zipu. Mwambie ameona sawasawa, umpishe apate haki yake kwa mwingine.

Nimemwombea Mama Salima kila Ijumaa, sasa nakuombea na wewe. Mwenyezi Mungu akusafishe ndani kabla ya nje, na siku ya kukuvua joho asikukute na cha kuficha. Amina.