Fundi Anayesubiriwa

Hakuwahi kumaliza maji kikombeni. Chai aliimaliza, uji aliukomba mpaka bakuli likalia, lakini maji alibakisha funda moja au mawili, kisha akakisukuma kikombe kwa aliyekuwa karibu. Tabia hiyo aliitoa barabarani, enzi nilipokuwa nikisimama kando ya lami kumpa maji akipita mbioni. Alikunywa nusu, nusu akanirudishia, maana na mimi nilikuwa juani. Mbio ziliisha, tabia ikabaki.

Alikuwa fundi rangi, na watu wote walimwita Fundi. Mimi pia. Alimwoa mama nikiwa natambaa, wakaachana nikiwa nimeanza kusoma. Baba aliyenizaa alikuwa hai mahali fulani, hana habari nasi, lakini mama alimtunzia jina la Baba kama kiti cha mgeni asiyefika. Basi Fundi alikuwa baba wa kambo, na ndoa ilipovunjika hata hiyo kambo ikaondoka. Lugha yetu ina neno kwa kila wifi na kila mkwe, ila kwake yeye haikuniachia kitu.

Katika ndoa alikuwa mtu wa kubamiza milango. Hakumpiga mtu, lakini milango ilimjua. Alipoachwa alipanga chumba chenye mlango mbovu, akaona akiubamiza tu utang'oka na mwenye nyumba atamtimua. Siku hasira ilipompanda akatoka nje akakimbia. Ilimwishia mbali sana na nyumbani, akarudi anachechemea.

“Hasira ina miguu mifupi,” aliniambia baadaye. “Ukikimbia nayo, inachoka kabla yako.”

Kila Jumamosi alikuja kunichukua. Mama alikuwa ameshaolewa tena, safari hii na karani mmoja mwembamba, mpole, wa miwani. Jirani yetu hakuwa na dogo.

“Fundi, mke si alishakuacha? Bado unakuja kumtolea macho?”

“Mke ndiye aliyeniacha, dada. Mtoto bado hajasema.”

Kisha akaingia uani na kumsalimu Karani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: “Hujambo, mume mwenza?”

Mara ya kwanza Karani alipaliwa na chai. “Nyie wanaume hamna haya!” mama akafoka kutoka ndani. Lakini baada ya miezi michache Karani naye alikuwa anajibu, “Sijambo, mume mwenza, karibu,” na kuvuta kigoda.

Chumba changu katika nyumba ile alikipaka Fundi. Karani alishika ngazi, miwani imejaa vumbi la msasa. Ukuta mmoja ulikuwa na unyevu, na Fundi alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, akaupapasa kwa kiganja, akaondoka bila kufungua kopo.

“Si upake tu, mume mwenza? Mtoto analala sebuleni.”

“Ukuta wenye maji haulazimishwi. Leo utakubali, kesho utakuvulia nguo mbele ya wageni.”

“Hakuwa hivi zamani,” mama alisema jikoni, hamwambii mtu, kisha akaendelea kuosha sufuria moja kwa muda mrefu.

Kila mwaka mjini kwetu kulikuwa na mbio ndefu. Fundi alikimbia na viatu vyenye matone ya rangi, nasi tukamsubiri mwishoni. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, alichelewa kupita kiasi. Utepe ulishakunjwa, viti vinapangwa. Karani akarudi njiani kwa baiskeli kumtafuta, mimi nikabaki kwenye meza ya mtangazaji na kikombe mkononi.

“We binti, unamsubiri nani?”

“Fundi.”

“Fundi wa nini?”

“Fundi tu.”

Akakamata kipaza sauti: “Fundi! Fundi anahitajika mezani haraka!”

Wakaja watatu mbio: fundi wa jukwaa na nyundo yake, fundi umeme na waya shingoni, fundi wa jenereta akijifuta oili. “Nini kimeharibika?” Wakanitazama. Nikaanza kulia.

“Sio hawa.”

“Sasa huyo wako ni nani yako?” mtangazaji akauliza.

Nilitafuta neno, nikapata hili: “Ananichukua Jumamosi.”

Mtangazaji akahema, akainua tena kipaza sauti. “Fundi uliye njiani, popote ulipo, mtoto wako anakusubiri.”

Wakati huohuo alikuwa anakata kona, anaburuta mguu, Karani nyuma yake akiendesha polepole hadi baiskeli inayumba. Fundi akasimama kabisa, mstari wa mwisho uko mbele yake. Halafu akauvuka, akanipita, akaenda mpaka mezani na kuinama, mikono magotini.

“Sijasikia vizuri,” akamwambia mtangazaji. “Rudia.”

Mtangazaji akarudia. Wale mafundi wakapiga makofi. Fundi akanigeukia, uso umelowa, akangoja.

“Pole, Fundi,” nikasema, nikampa maji. Akanywa nusu.

Hakuniomba neno lile hata siku moja. Nilipokwenda chuoni, na nilipoanza kazi mbali, alipiga simu: “Ni mimi,” kisha akangoja, kama mtu aliyeweka kiganja ukutani. Nami nilikuwa nalo mdomoni. Lakini neno lisilotumika utotoni hugoma ukubwani, kama bawaba iliyopakwa rangi juu yake. Unajua mlango ni wa kufunguka, na haufunguki.

Mama alitangulia. Kifua cha Fundi kilipoharibika, Karani ndiye aliyemhamishia kwake, katika chumba changu cha zamani, na alipolazwa wodini ndiye aliyemlisha, wakitaniana mpaka wagonjwa wengine wakalalamika. Mchana nilipofika, Karani alinipisha kiti akaenda kujinyoosha.

Fundi alikunywa maji, akanirudishia kikombe, akafumba macho. Nesi akaja kurekebisha dripu.

“Dada, wewe ni nani wake?”

“Ni baba yangu,” nikasema.

Nesi akaitika, akahamia kitanda kingine. Nikanywa yale maji yaliyobaki. Fundi hakufumbua macho, ila nyusi zilipanda taratibu.

“Sijasikia vizuri,” akasema. “Rudia.”