Zaburi Si Kitambaa cha Kufunikia Dhuluma

Mwaka 2006, masika yakiwa yamekolea, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, shemeji yangu Gaspari alinikataza kukanyaga shamba la mikorosho huko Dimani, akidai ni mali ya ukoo wao. Mume wangu, ndugu yake, tulikuwa tumemzika Januari. Mikorosho ile niliipanda mimi, kwa mkono huu unaoandika. Na desturi ya huku, mwanangu, Muislamu na Mkristo wote waijua: ardhi yaweza kuwa ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda.

Gaspari alikuwa kiongozi wa kwaya. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Jumapili alituimbisha zaburi ya shangwe, kisha mlangoni mwa kanisa akanidhihaki: "Shemeji, tumeambiwa tumwimbie Bwana kwa furaha. Mbona umenuna kama chungu kilichoungua? Au mikorosho ndiyo mungu wako?"

Watu wakacheka. Nikanyamaza, nikidhani kunyamaza ndiyo imani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilimshibisha Gaspari tu.

Bibi Skola, mjane mzee tuliyekaa naye benchi moja, akanifuata mpaka nyumbani. Hakungoja kukaribishwa. Alijua kwamba nilijifunza kusoma ukubwani, na kwamba katika Zaburi nilisoma zile za sifa tu.

"Wewe mwanamke, kwenye kitoweo unachagua minofu peke yake? Fungua ya kumi na tatu. Soma, nisikie!"

Nikasoma. Mwimbaji anamuuliza Mungu atamsahau mpaka lini, na adui atajitukuza juu yake mpaka lini. Mstari ule nikaurudia mara mbili, kwa hasira.

"Umeona? Huyo hakununa pembeni. Alipeleka shauri lake juu. Wewe lako utalipeleka lini? Endelea, hujamaliza."

Mwisho wa zaburi hiyo ni wimbo. Ni furaha, lakini furaha iliyokwisha kulia. Nikalia, nikaimba, na kesho yake nikaenda kwenye baraza la ardhi la kata.

Shauri lilichukua miezi, na liliposikilizwa jirani yetu Mzee Shabani alinitolea ushahidi. "Mbegu nilimpa mimi. Mumewe alikuwa bandarini Nyamisati akipakia boriti za mikoko, na huyu Gaspari alikuwa anaimba. Kwaya haioteshi korosho!"

Mwanangu, mtu akikuhimiza ufurahi huku mkono wake umo kapuni mwako, usimtii. Zisome zaburi zote, za shangwe na za uchungu. Hasira yako mpelekee Mungu kwanza, isije ikakufanya mwovu kama aliyekudhulumu; kisha simama udai haki yako mchana kweupe. Mungu akufungue kinywa katika dhiki, na baada ya dhiki akutie wimbo usio na unafiki, kama ule niliouimba njia nzima nikirudi nyumbani, Jumanne, tarehe 14 Novemba 2006, baraza lilipotamka kwamba mikorosho ni yangu.