Ile ya pomme siyo tumbako

Leo kwaya nzima ya mtaa wetu wa Musaga imeniambia hakuna mutu anavuta. Karibu niwaamini!

Mi ni muuguzi. Tantine Goreti, kiongozi wa kwaya yetu, aliniomba niongee kidogo juu ya tumbako baada ya mazoezi.

Nikauliza: nani hapa anavuta?
Hakuna hata mukono moja.

Tantine akacheka. "Mwanangu, hapa ni watu wa Mungu. Mambo ya moshi uipeleke Kiriri, kwa watoto wa wakubwa."

Sawa. Nikauliza tena: na shisha je?

"Aaah, ile ya pomme, yenye harufu ya tofaa!"

Weee! Mikono juu kila upande. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, hata bwana arusi wa juzi. Na Tantine mwenyewe: aliionja siku ya dot, sherehe ya mahari ya binti yake, kule Kinanira.

"Lakini ile hatuvuti," akasema. "Ile tunakunywa. Moshi inapita mu maji, inasafishwa."

Watu wangu, maji haisafishi kitu. Inapoza moshi tu. Tumbako iko mule mule, chini ya makaa.

Lakini sikubishana. Niliuliza tu: "Tantine, kuvuta sigara, kwa Kirundi tunasemaje?"

"Kunywa itabi," akasema polepole. Kunywa tumbako!

Kwaya ikapasuka kwa kicheko.

Basi nikarudilia swali yangu kwa Kirundi: nani anakunywa itabi?

Mikono ikarudi juu. Ya Tantine ilikuwa ya mwisho, lakini ilipanda.

Na we unayesoma, yako iko wapi?